Urithi usioandikwa kwenye wosia

Mzee wa Nangara, mjini Babati, anapogawa mali, watoto wanajua cha kutarajia: shamba la mahindi na mbaazi, ng'ombe, pengine kiwanja. Upo urithi mwingine usiosubiri kikao cha ukoo. Haumpendelei kifungua mimba wala haumruki binti. Ni vinasaba, na katika familia chache hupitisha saratani ya thairoidi, tezi yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya koo.

Hakuna haja ya kutishana. Goita nyingi si saratani; nyingine hutokana na upungufu wa madini joto, ndiyo maana chumvi hutiwa madini hayo. Hata wenye saratani ya tezi hii, wengi hawakuirithi.

Aina ya kuuliziwa zaidi ni moja, ambayo si ya kawaida: medulari. Kati ya wagonjwa 100 wa aina hii, takriban 25 wameirithi kupitia hitilafu katika kinasaba kiitwacho RET, iliyobainishwa mwaka 1993. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Asiyeirithi hana cha kuwarithisha wanawe. Aliyeirithi anaweza kuondolewa tezi mapema, hata utotoni, kabla saratani haijaanza, kisha akameza kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote.

Hapo ndipo kuficha ugonjwa kunapoumiza. Msibani husemwa tu, "Marehemu alisumbuliwa na koo." Maneno hayo hayamsaidii mjukuu. Kinachomsaidia ni karatasi ya majibu ya kinyama kilichopimwa, maana ndiyo inayotaja aina ya saratani. Itunzwe pamoja na hati ya shamba.

Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua medulari amweleze daktari hata kama hana uvimbe. Kipimo cha vinasaba hakipatikani kila hospitali, lakini kuna ultrasaundi ya shingo na kipimo cha damu cha homoni ya kalsitonini. Rufaa inaweza kumfikisha KCMC Moshi au Ocean Road, Dar es Salaam. Na yeyote mwenye uvimbe mgumu unaokua shingoni, sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa au shida ya kumeza, asikae nyumbani.

Swali la kuanzia ni dogo: "Shangazi, babu aliugua saratani gani?"