AFYA YETU: Uvimbe Unaojiitia Damu



Mama mmoja ametuuliza: ndugu yake anaugua saratani ya ovari, yaani viungo viwili vinavyohifadhi mayai ya uzazi, na ameambiwa atapewa dawa ya kuzuia mishipa ya damu. Je, damu si ndiyo uhai? Kwa nini izuiwe?

Swali ni zuri. Uvimbe wa saratani nao hauishi bila ya chakula na hewa. Ukiwa wa milimita moja au mbili hujipatia riziki kwa jirani zake. Ukitaka kukua zaidi, sharti uwe na mishipa yake wenyewe. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe huiita mishipa hiyo, na kwamba ikizuiwa uvimbe utadumaa. Wengi walimpuuza.

Mwaka 2019, hapa hapa mjini kwetu, Taasisi ya Karolinska iliwatangaza Kaelin, Ratcliffe na Semenza kuwa washindi wa Tuzo ya Nobel, kwa kueleza jinsi seli inavyotambua upungufu wa oksijeni. Seli ikikosa hewa hutoa amri, ikatengenezwa protini iitwayo VEGF, nayo huotesha mishipa mipya. Kwa njia hiyo mwili huponya jeraha. Kwa njia hiyo hiyo uvimbe hujilisha.

Wataalamu nao wamekuwa wakiihesabu mishipa kwa hadubini na kuipima VEGF, wapate kukisia mwenendo wa maradhi. Tafiti nyingi ziliona kuwa penye mishipa mingi maradhi huwa makali zaidi. Nyingine hazikuona hivyo. Kwa hiyo madaktari bado hutegemea zaidi hatua ambayo ugonjwa umefikia, aina yake, na kiasi cha uvimbe kilichosalia baada ya upasuaji. Dawa ya bevacizumab, iliyokubaliwa Ulaya kwa saratani hii mwaka 2011, huikamata VEGF. Huchelewesha ugonjwa, hasa uliokwisha kuenea, lakini peke yake haiponyi.

Basi la muhimu ni kuwahi. Akina mama wengi hudhani kuwa kipimo cha shingo ya kizazi, kile tunachoitiwa kwa barua, huchunguza na ovari. Sivyo. Wala kuwapima wasio na dalili hakujasaidia: Uingereza ilifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa vifo havikupungua. Lililobaki ni kuusikiliza mwili. Tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya tumbo au nyonga, kwenda haja ndogo mara kwa mara: haya yakiwa mageni kwako na yakadumu kwa wiki kadhaa, usiseme ni gesi au ni uzee. Piga simu 1177. Omba mkalimani, usimtwishe mwanao mzigo wa kutafsiri siri zako. Ukiona haya mbele ya daktari mwanamume, omba wa kike.

Stara ni pambo letu, lakini haikuwekwa ituue. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Na kwa dada yetu mgonjwa: hesabu ya mishipa ni dalili tu, si hukumu. Ajali aijua Mwenyezi Mungu. Sisi tumeamrishwa kutafuta dawa.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.