Mgeni wa Mlimani na Askari wa Barabarani

Ndugu askari na polisi, wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaikumbuka methali hiyo kila tumwonapo kijana wa Kigoma au Nairobi, shanta mgongoni, akiulizia njia ya Heha, mlima mrefu kuliko yote nchini Burundi, wenye mita zipatazo 2,670, usio mbali na Bujumbura.

Mpandaji huyo si tajiri. Hatafuti hoteli ya ufukweni. Atosheka na chumba safi Buyenzi au Bwiza, ambako Kiswahili chake chasikika, na sahani ya ndagala. Alfajiri hutafuta basi dogo la kuelekea milimani. Fedha zake ni chache, lakini huingia moja kwa moja mikononi mwa mwenye chumba, mpishi na dereva.

Mwezi Machi 2022 serikali iliziondoa pikipiki, bajaji na baiskeli katikati ya jiji. Mgeni asiyelijua jambo hilo si mhalifu. Aelezwe kwa upole aendako. Akaguliwe kwa mujibu wa sheria, arudishiwe pasi yake, wala asiombwe chai. Chai iombwayo kizuizini hukatwa katika nauli ya dereva na kodi ya mwenye chumba, nao ni ndugu zetu.

Tena, akipotea mlimani gizani, watakaoitwa kumtafuta ni ninyi. Basi heri kumwonyesha njia mchana kuliko kumsaka usiku.