Mashahidi wawili, si mmoja

Sisi tunaosoma Uingereza, tukienda likizo Dar es Salaam au Mombasa kwa kupitia Doha au Dubai, mara nyingi tunakatiza anga ya Iraki. Septemba 2023 marubani wa njia hiyo walianza kuripoti jambo la ajabu: ndege iko mahali pake, mitambo inasema iko kwingine kabisa. Wengine ilibidi wawaulize waongozaji wa ndege walioko chini: tuko wapi? Chanzo kilikuwa mawimbi ya GPS ya uongo yaliyorushwa kutoka ardhini. Setilaiti zenyewe ziko kama kilomita 20,200 juu, na mawimbi yake hutufikia yakiwa dhaifu mno, hivyo kuyafunika si kazi kubwa.

Mtu atasema, lakini ndege ina mfumo mwingine, wa inesha. Kweli, na mimi naupenda kuliko GPS. Kabla ya safari, ndege ikiwa imesimama, mfumo huo hujipanga kwa dakika kadhaa kwa kuhisi mvutano wa dunia na mzunguko wake. Baada ya hapo hauhitaji kusikiliza chochote cha nje. Jairoskopu za leza hupima kila kugeuka, vipimo vingine hupima kila kuongeza au kupunguza mwendo, na kompyuta inajumlisha: tulikuwa pale, basi sasa tuko hapa. Nahodha wa jahazi usiku wa mawingu alikisia kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Kasoro ni kwamba kosa dogo hukua, pengine maili moja hivi ya baharini kwa kila saa. Ndiyo maana kompyuta huuchanganya na GPS, ambayo huusahihisha njia nzima.

Sina ugomvi na kuchanganya. Ugomvi wangu ni kwamba katika baadhi ya ndege zile, uongo wa GPS ulipenya hadi kwenye hesabu ya inesha ukaiharibu nayo. Hapo huna tena mashahidi wawili, una mmoja aliyemfundisha mwenzake la kusema. Kila ndege ya abiria ingepaswa kubaki na hesabu moja ya inesha isiyoguswa na GPS hata kidogo, na rubani awe na njia rahisi ya kuitenga GPS akiwa angani.

Halafu kuna minara ya redio ya ardhini, ambayo Uingereza na Marekani zimekuwa zikiipunguza. Mwaka 2024 shirika la Finnair lilisimamisha safari za Tartu, Estonia, kwa takriban mwezi mzima, baada ya ndege mbili kurudi Helsinki bila kutua. Kiwanja kilikuwa kizima, lami na taa zake zipo, ila njia ya kutua ilitegemea GPS. Safari zilirudi baada ya kuwekwa njia inayotumia redio za ardhini.

Kwa hiyo kiwanja kidogo cha kwetu kikipangiwa njia ya kutua ya GPS peke yake, kwa kuwa ni nafuu, wahandisi wetu waulize jambo moja kabla ya kutia saini: mawimbi yakipotea jioni ya mvua, rubani atashika nini?