Kiinua mgongo, Noah na hesabu ya Wahindu wa kale

Nimefundisha hesabu sekondari mpaka nikastaafu, na hesabu iliyonikaa kichwani kuliko zote sikuipata kwenye kitabu cha hesabu. Iko ndani ya Taittiriya Upanishadi, andiko la Wahindu lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, na inahusu kipimo cha furaha.

Inaanza hivi. Mchukue kijana mwema, msomi, mkakamavu, mwenye nguvu zake, kisha mpe dunia nzima na mali yote iliyomo. Furaha ya kijana huyo ndiyo kizio, iite moja. Mara mia ya hiyo ni furaha ya gandharva wa kibinadamu, yaani mtu aliyepanda cheo akawa miongoni mwa waimbaji wa mbinguni. Mara mia ya hiyo ni ya gandharva wa kimungu. Wanafuata wahenga waliotangulia, kisha miungu ya ngazi tatu, kisha Indra mfalme wao, Brihaspati mwalimu wao, Prajapati bwana wa viumbe, na juu kabisa Brahman, asili ya vyote. Kila ngazi ni mara mia ya ile iliyo chini yake. Ukipiga hesabu utaona umezidisha kwa mia mara kumi, nawe unapata moja yenye sifuri 20 nyuma yake.

Mwanafunzi anayejua vipeo angeimaliza hesabu hiyo kwa dakika moja, asione ajabu yoyote. Ajabu iko kwenye kiitikio. Kuanzia ngazi ya pili, kila furaha inapotajwa, andiko linaongeza kwamba furaha hiyo hiyo anayo pia mjuzi wa maandiko asiyesumbuliwa na tamaa. Furaha ya gandharva anayo. Ya Indra anayo. Ile ya juu kabisa anayo vilevile, naye hajatoka kwenye mkeka wake. Kumbe jibu moja lina njia mbili. Ya kwanza ni kuzidisha ulicho nacho mara mia, tena mara mia, mpaka karatasi ikuishie. Ya pili ni kutoa kitu kimoja tu.

Tangu kiinua mgongo changu kilipoingia benki sijaacha kuifikiria hesabu hii. Wastaafu tunajuana. Mwenzangu mmoja alinunua Toyota Noah wiki ile ile alipolipwa. Akawa anaifuta kwa kitambaa asubuhi na jioni, hata siku ambayo haikutoka getini. Mwingine aliongeza mke. Mwingine alifungua baa, akawa ndiye mteja wake mkubwa. Siwacheki, maana na mimi nina televisheni ukutani yenye upana ambao macho yangu hayauhitaji. Ninachouliza ni hiki: yule wa Noah leo hashiki tena kitambaa. Gari lipo, halina hata mkwaruzo. Kama furaha ilikuwa ndani ya gari, imetokea mlango upi?

Walimu wa Vedanta, ile falsafa iliyojengwa juu ya Upanishadi, wana jibu ambalo sijalisikia likitolewa vizuri zaidi kwingine. Wanasema unapokuwa unakitaka kitu, moyo unahangaika. Ukikipata, kule kutaka kunanyamaza kwa muda, na katika utulivu huo unaonja kitu ambacho kilikuwamo ndani yako tangu mwanzo. Kwa kuwa gari liko mbele ya macho wakati huo, sifa zote unalipa gari. Baada ya miezi kadhaa jirani anapita na Prado, kutaka kunaamka upya, na ule utulivu unaondoka. Gari halikukuongezea chochote. Lilikunyamazishia kelele kidogo, basi.

Mimi ni Mwislamu, na najua kuna msomaji ambaye ameshakunja uso, anajiuliza mwalimu huyu anatafuta nini kwa Wahindu. Sikuanza mimi. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Biruni alitafsiri Yoga Sutra za Patanjali kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 11. Dara Shikoh, mtoto wa yule Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, aliketi na wanazuoni wa Banaras wakazigeuza Upanishadi 50 kuwa Kiajemi mwaka 1657, naye akaona kwamba humo mna tauhidi. Miaka miwili baadaye ndugu yake Aurangzeb alimuua. Walikuwa wakigombea kiti cha baba yao, lakini kuritadi nako kulitiwa kwenye mashtaka. Mimi sina kiti cha kugombea na mtu.

Na nisieleweke vibaya. Wahindu wa kale hawakusema kwamba raha ni dhambi. Kile walichokiita "kama" kwa Kisanskriti, yaani mapenzi na starehe zote za milango mitano ya fahamu, kimo katika malengo manne halali ya maisha ya mtu, pamoja na mali, wajibu na ukombozi. Hao ni watu walioandika vitabu vizima juu ya muziki, ngoma, manukato na unyumba. Walichokataa ni kuichukua raha ya aina hiyo kama jibu la mwisho, na sababu yao ni ya kimahesabu: ina mwanzo, kwa hiyo ina mwisho, nawe uliyeizoea unabaki na deni.

Kisa kinachoeleza jambo hilo vizuri zaidi kimo katika Chandogya Upanishadi. Prajapati alitangaza kwamba kuna nafsi isiyozeeka, isiyokufa, isiyoona njaa wala kiu, na kwamba atakayeijua atapata kila anachokitamani. Habari zikafika pande zote mbili. Miungu ikamtuma Indra, na mahasimu wao, asura, wakamtuma Virochana. Wote wawili wakakaa kwa mwalimu miaka 32 kabla hata ya kuulizwa wanataka nini. (Sisi tulikuwa tunalalamika muhula ukiongezwa wiki moja.) Prajapati akawaambia wajitazame ndani ya chombo cha maji. Kisha akawaambia wajipambe, wavae nguo nzuri, watazame tena. Wakaona watu wawili waliopendeza. Hiyo ndiyo nafsi, akasema. Wakaondoka wameridhika.

Virochana alifika kwao akatangaza kwamba mwili ndio wa kutumikiwa na kupambwa, na mwenye kufanya hivyo amepata dunia hii na ile. Watu wake wakafurahi sana. Nafikiri wanafunzi wa Virochana ndio walio wengi hadi leo, na ukifungua simu utawaona wakitazama chombo cha maji.

Indra hakufika kwao. Akiwa njiani aliwaza: kama nafsi ni huu mwili uliopambwa, basi mwili ukipofuka nayo imepofuka, na mwili ukifa nayo imekufa. Sioni faida hapa. Akarudi. Akakaa miaka mingine 32, akaambiwa nafsi ni yule anayetembea ndotoni. Akaondoka, akakumbuka kwamba ndotoni pia mtu hukimbizwa na kulia, akarudi. Miaka 32 tena, akaambiwa ni yule aliyelala fofofo bila ndoto.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu hoja ya usingizi ina uzito. Walimu wa baadaye, kama Ramana Maharshi wa Tiruvannamalai aliyefariki mwaka 1950, waliitumia sana. Tajiri na kuli wote huutafuta usingizi kwa hamu, na mtu akiamka husema nimelala vizuri. Usingizini hakuwa na gari, cheo, mke wala chakula. Basi hiyo raha aliipata kwa kitu gani? Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kupinga kwamba usingizi si furaha, ni kukosa habari tu. Kumbe Indra alishanitangulia. Alirudi akamwambia mwalimu kwamba aliyelala hivyo hata mwenyewe hajijui, ni kama amekwisha potea, naye haoni faida. Mwalimu hakukasirika. Alimpa miaka mitano mingine, na hapo ndipo alipomwambia lile alilolifuata. 32 mara tatu, ongeza 5, unapata 101. Mwanafunzi aliyekataa jibu la mwalimu mara tatu, tena kwa hoja, ndiye aliyefaulu. Ningekuwa na Indra wawili katika kila darasa ningestaafu nikiwa na mvi chache, au nyingi zaidi, sijui.

Jibu lenyewe la mwisho, kwamba anayejidhani kuwa ndiye mwili hushikwa na raha na karaha zikipokezana, na aliyeuvuka hazimgusi, nalielewa nusu. Hiyo nusu nyingine sidhani inapatikana kwa kusoma.

Kinachopatikana kwa kusoma ni tahadhari, na iliyo kali kuliko zote imo katika andiko jingine la Wahindu, sura ya pili ya Bhagavad Gita, ambayo beti zake za mwisho Gandhi aliziweka katika sala za jioni za ashram yake. Pale panaelezwa kwamba mtu akijinyima, vile vitu humwacha, lakini hamu yake ya kuvionja hubaki palepale. Nani katika sisi tunaofunga Ramadhani asiyelijua hilo? Mzee wa Kihindu aliyekuwa akiniuzia chaki na madaftari, duka lake likiwa karibu na mahekalu ya mtaa wa Kisutu hapa Dar es Salaam, hufunga Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo. Hagusi nafaka wala kunde. Siku moja ya mfungo wake nilimkuta na sahani ya viazi vya kukaanga, karanga, na sago iliyopikwa kwa bizari nyembamba. Nikamwambia, "Bhai, mfungo huu hata mimi ningeuweza." Akajibu bila kuinua uso, "Mwalimu, na tambi na sambusa huko kwenu zinauzika zaidi mwezi gani?"

Mzee huyo sijapata kumsikia akiitaja Upanishadi. Jioni hufunga duka akaenda hekaluni kuimba. Yuko upande wa Wahindu wasiokubaliana na Shankara, mwanafalsafa aliyefundisha kwamba nafsi ya mtu na Mungu ni kitu kimoja. Ramanuja na wengine baada yake walisisitiza kwamba mja hageuki kuwa Mola, na kwamba furaha isiyokwisha ni kumpenda na kumtumikia. Katika hilo mimi na muuza chaki tuko karibu kuliko mimi na Shankara, ingawa bado namsoma Shankara.

Kuna pingamizi moja ambalo nalichukulia kwa uzito. Kumwambia mtu aliyelala njaa Mbagala kwamba furaha iko ndani yake ni matusi, na wapo watawala wengi wangependa sana tuamini hivyo. Lakini Taittiriya ile ile yenye hesabu yangu ina kisa cha kijana Bhrigu anayemwomba baba yake amfundishe kiini cha vyote. Baba hampi jibu. Anamwambia kajitahidi, kisha uje. Jibu la kwanza analorudi nalo kijana ni chakula: kiini cha vyote ni chakula. Baba hamkatalii, anamrudisha tu aendelee, mpaka apite uhai, akili na ufahamu, afike kwenye furaha. Na baada ya kufika huko juu kote, andiko linashuka tena na kuamuru kwamba chakula kisidharauliwe, kizalishwe kwa wingi, na mgeni asifukuzwe mlangoni. Ngazi ina kidaraja cha chini, na aliyeikata hapo asimhubirie mtu habari za juu. Maneno haya yanatuhusu tulioshiba: wenye pensheni, wenye mishahara, na kijana anayekula vizuri nyumbani kwao na bado anabeti usiku kucha. Wale wanaouza utulivu wa nafsi kwa fedha nyingi kwenye hoteli za ufukweni nawaacha, biashara ni biashara.

Kabla ya kustaafu tuliitwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa. Tukafundishwa kuku wa mayai, hati fungani, nyumba za kupangisha, na namna ya kuwakwepa matapeli. Yote yalikuwa ya maana. Hakuna aliyegusa swali la nini kitamtokea mtu mwaka wa pili, kuku wakishataga na nyumba ikishapangishwa, akiwa ameketi kibarazani na kutaka kwake hakujapungua hata chembe. Wahindu walikuwa na mpango wa hilo. Sheria za Manu, kitabu chenye mengi juu ya matabaka na wanawake ambayo nisingependa kuyaona katika nchi yoyote, kinamtaka mwenye nyumba atakapoona ngozi imekunjamana, nywele zimeota mvi na mjukuu amezaliwa, aanze kujitoa: aache vyakula vya kijijini, akabidhi mali, aelekee msituni. Hatua hiyo inaitwa vanaprastha. Mimi siendi msituni. Msitu wa Pugu wenyewe wachoma mkaa wameukata sana. Ila ningependa semina ijayo itengewe asubuhi moja ya kuzungumza jinsi mtu anavyopunguza kutaka kidogo kidogo, kwa mpango, kama tulivyofundishwa kupunguza chumvi na sukari hospitalini.

Manu anasema anayekwenda msituni anaweza kumkabidhi mke kwa watoto au kwenda naye. Nilipomsomea mke wangu sehemu hiyo, aliuliza kwanza pensheni itabaki na nani.