Kuacha Kazi Si Talanta

Wasee, kila siku mtu ananitumia zile video za "acha kazi, fuata ndoto". Sawa. Lakini kwanza mjueni Koji Yakusho.

Jamaa alizaliwa mkoa wa Nagasaki, Japani, mwaka wa 1956. Akaenda Tokyo, akaajiriwa kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kuna mchezo wa jukwaani aliuona ukamshika, akaacha kazi. Watu hukomea hapo, wakapiga makofi. Mimi naangalia alienda wapi: aliingia shule ya uigizaji ya Tatsuya Nakadai, akaanza chini kabisa kama mwanafunzi. Hata hilo jina Yakusho, maana yake ofisi ya serikali, ni Nakadai alimpa.

Mwaka wa 2023 akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Cannes, kwa filamu ya Perfect Days. Humo yeye ni msafishaji wa vyoo vya umma Tokyo. Alikuwa na miaka 67.

Mimi pia niliacha chuo, na sijutii. Lakini kuacha ni shughuli ya siku moja. Kazi ni kupata wa kukufundisha, na kukubali kurekebishwa kila siku bila kununa. Kwa hivyo usiniambie uliacha nini. Niambie umeingia wapi.