Mhamaji Si Mtoro

Limeingia katika vyuo vyetu vikuu neno moja baya, nalo limezoeleka hata masikio hayashtuki tena yalisikiapo. Mwanafunzi atakaye kuhama chuo kimoja aende kingine huitwa mtoro. Haandikwi hivyo katika barua, maana barua za ofisi zina adabu zake; husemwa hivyo katika vikao, katika veranda, na pengine mbele ya uso wake kwa kicheko. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi ya mwalimu wa lugha ni kupima maneno. Mtoro ni mtu aliyeukimbia wajibu wake. Mhamaji ni mtu aliyejitwika wajibu wake akaenda nao mahali pengine. Kuyachanganya maneno haya mawili ni kosa la lugha kwanza, kisha ni dhuluma; nami naandika makala haya kwa sababu ya dhuluma hiyo, ambayo nimeshiriki kuitenda.

Miaka kadha iliyopita niliketi katika kamati ndogo ya kupokea wahamaji. Mbele yetu paliwekwa jalada la binti mmoja aliyekuwa amemaliza mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha bara. Mama yake alikuwa mgonjwa huku pwani, hana mwingine wa kumwuguza, naye binti aliomba kuhamia kwetu ili asome mchana na kuuguza usiku. Matokeo yake yalikuwa mema. Alikuwa amesoma fonolojia, mofolojia, ushairi na historia ya lugha. Jalada lake tulikaa nalo muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Mwenzetu mmoja alilinganisha namba za masomo yake na namba za masomo yetu akaona hazifanani; wala hazingeweza kufanana, maana kila chuo hujitungia namba zake kama kila mwenye duka ajiwekeavyo alama zake katika daftari la madeni. Ikaamuliwa kwamba aanze tena mwaka wa kwanza. Nami niliujua ushairi aliosomeshwa. Nilimjua hata mwalimu aliyemsomesha, ambaye ni hodari kunishinda. Nikanyamaza. Ilikuwa saa saba kasoro robo, na njaa ilikuwa ikiniuma.

Siku ya pili alikuja ofisini kwangu. Akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwitikia. Aliniuliza swali moja tu: katika ushairi aliousoma yeye na ushairi tuufundishao sisi, ni kitu gani kilichopungua, ili akakisome? Nikampa jibu la kiofisi, yaani maneno mengi yasiyo na kitu ndani. Akafungua mkoba wake akatoa daftari, akanionyesha jinsi walivyouchambua Utenzi wa Mwana Kupona ubeti kwa ubeti: mizani, vina, na maneno ya Kiamu yaliyofafanuliwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Utenzi huo huo, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, ndio tuliokuwa tukiufundisha muhula ule. Sikuwa na la kusema. Aliniaga kwa heshima akaenda zake. Hakujiunga nasi, na kwa kadiri nijuavyo, hakumaliza shahada yake popote.

Watetezi wa desturi yetu husema kwamba chuo hulinda ubora wake. Ni neno zuri, wala hapana mwalimu awezaye kulipinga. Lakini na tuulize ubora hulindwa kwa njia gani. Katika Tanzania Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, huidhinisha vyuo na mitaala yao, na imeweka kipimo kimoja kwa wote: mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. (Krediti ni neno la kigeni ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatujalipatia badala yake lililo jema, na aibu hiyo ni yetu.) Basi binti yule alikuja na krediti 240 za miaka miwili, yaani saa 2,400 za kusoma, kuandika, kutahiniwa na kukesha. Sisi tulizifuta zote kwa kikombe kimoja cha chai. Ikiwa chuo alikotoka hakistahili, mahali pa kulisema hilo ni mbele ya Tume, kwa barua yenye sahihi. Ikiwa chuo chastahili mbele ya Tume lakini hakistahili mbele ya kamati ya watu watano wenye njaa, basi mmojawapo kati ya Tume na kamati anadanganya. Na nathubutu kusema si Tume.

Husemwa tena kwamba shahada yenye muhuri wetu isibebe kazi ya wengine. Hoja hii ina uzito kidogo, nami sitaki kuipita kwa haraka. Ni haki kwa chuo kutaka sehemu kubwa ya masomo, na hasa masomo ya mwisho, yasomwe kwake. Mtu hawezi kukaa kwetu muhula mmoja kisha akaondoka na joho letu. Walakini kutoka katika haki hiyo ya kutaka sehemu mpaka kudai yote ni safari ndefu, na sisi tumeikata usiku bila taa.

Jambo linishangazalo ni kwamba watu wa upwa huu ndio wa mwisho ambao wangepaswa kumwona msomi ahamaye kuwa ni mhalifu. Elimu ya pwani ilijengwa na wahamaji. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alisoma kwanza kwao, kisha akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na kwa Sheikh Abdallah Bakathir. Walimu hao wawili nao walikuwa wahamaji: wa kwanza alizaliwa Ngazija, wa pili Lamu, na kila mmoja alisafiri mbali kutafuta elimu kabla ya kuketi kuwasomesha wengine. Hapana aliyemwambia Sheikh Al-Amin arudie vitabu alivyovisoma Mombasa kwa kuwa misikiti ya Unguja ilikuwa na majina mengine.

Nao hawakuwa wazembe katika kupima. Msomi wa zama zile alichukua ijaza, na ijaza ilikuwa hati yenye kusema kweli: ilitaja kitabu kilichosomwa, ikamtaja mwalimu aliyekisomesha, na aghalabu ikamtaja mwalimu wa mwalimu huyo. Aliyeipokea aliweza kukifungua kitabu hicho na kumwambia mgeni, "Soma hapa." Kwa dakika chache ukweli ulidhihirika. Sasa itazame hati ya matokeo tumpayo mwanafunzi wa leo. Ina namba, ina jina fupi la somo, ina herufi moja. Haisemi alisoma nini, haisemi alisomeshwa na nani, haisemi aliandika nini. Tumeiondoa ile habari ambayo ingemfaa mhamaji, kisha twamlaumu mhamaji kwa kuja bila habari.

Tena hapakuwa na haja ya kwenda mbali hadi kwenye ijaza. Kuanzia mwaka 1963 hata mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, mwenye kutaka uhandisi alikwenda Nairobi, na kijana wa Tanganyika aliyetaka utabibu alipanda kwenda Makerere. Walivuka mipaka ya nchi, na shahada ilikuwa moja. Chuo kile kilivunjwa mwaka 1970, na kila nchi ikachukua chake. Sababu zilikuwapo, wala si nia yangu kuzifukua hapa. Lakini tulipogawana majengo tulifanya kama kwamba tumegawana na elimu yenyewe, fonolojia ya huku ikawa haijuani na fonolojia ya kule. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba nchi zetu ni eneo moja la elimu ya juu. Mwanafunzi asomaye habari hiyo akiwa Dodoma, naye amekataliwa na chuo cha Morogoro, atacheka au atalia, kwa kadiri ya tabia yake.

Na wasiseme kwamba haiwezekani. Mwaka 2016, Tume ilipofuta vibali vya vyuo vishiriki huko Songea, wanafunzi wa huko walipelekwa katika vyuo vingine waendelee na masomo. Amri ilipotoka juu, njia ilipatikana. Mtu mmoja ajapo peke yake, na mama mgonjwa nyuma yake, njia hupotea.

Nimekwisha kuwasema walimu. Sasa niwageukie wanafunzi, wasije wakadhani kwamba nimekuja kuwapaka mafuta. Wako wahamaji ambao kwa kweli ni watoro. Mwanafunzi aliyeshindwa mitihani akaondolewa, kisha akaja kwetu na hati ya mwaka mmoja tu akiuficha wa pili, huyo hahami, anajificha. Naye ndiye aliyewaharibia wenzake. Yuko pia ahamaye kwa kuwa rafiki zake wamehama, au kwa kuwa ameambiwa ya kwamba katika chuo fulani alama hutolewa kwa mkono mpana. Sina la kumtetea.

Lakini hata mwenye sababu njema mara nyingi hajitayarishi. Huanza matayarisho kwa chumba cha kupanga na nauli ya basi, na karatasi huzikumbuka mwisho. Nimewaona waliokuja na hati ya matokeo peke yake, hawana muhtasari hata mmoja wa masomo waliyoyasoma, kwa kuwa muhtasari waliopewa juma la kwanza la muhula walifungia vitumbua. Ewe kijana, karatasi ile ndiyo ijaza yako. Inataja mada, vitabu na saa. Ihifadhi tangu siku ya kwanza, hata kama huna nia ya kuhama, maana ugonjwa wa mama hautoi ilani. Hifadhi na insha zako zilizosahihishwa. Mwombe mwalimu wako barua akali anakukumbuka. Lipa deni la ada kabla ya kuomba hati, kwa maana ofisi huizuia hati ya mdaiwa, na muda wa kupokea wahamaji hupita huku wewe ukitafuta risiti. Ikiwa wasoma kwa mkopo wa Bodi, usidhani kwamba mkopo utakufuata wenyewe kama mbwa amfuatavyo bwana wake. Ni lazima vyuo vyote viwili na Bodi wapate habari kwa maandishi, la sivyo utaketi darasani muhula mzima bila fedha ya chakula. Na zaidi ya yote, usikiache kiti chako cha zamani mpaka chuo kipya kimekuandikia, somo kwa somo, ni lipi kimelikubali na ni lipi kimelikataa. Neno la mdomo la karani mwenye tabasamu si ahadi. Wengi wamepanda basi kwa tabasamu hilo wakashuka wakiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Najua nitaambiwa, "Daktari, mzigo wote huo umembebesha mtoto, na kamati je?" Ni kweli, na hapo ndipo ninapotaka kuwashika wenzangu. Kwa desturi ya sasa mhamaji ndiye athibitishaye kwamba alisoma, na kamati haithibitishi chochote. Mimi nataka kinyume chake. Maadamu chuo alikotoka kimeidhinishwa na Tume, na somo lake lina jina na muhtasari, kamati ndiyo ithibitishe kwamba kuna upungufu. Iutaje upungufu huo kwa mada, si kwa namba. Na iandike sababu hizo katika barua ambayo mwanafunzi ataichukua mkononi na kuionyesha Seneti akitaka kukata rufani. Penye shaka, mwanafunzi aitwe, akae na mwalimu wa somo, afunguliwe kitabu aambiwe, "Soma hapa." Saa moja yatosha. Nani kati yetu atasema kwamba saa moja ya mwalimu ni ghali kuliko mwaka mzima wa mwanafunzi?

Watakuwapo watakaosema ndiyo, nawafahamu. Watasema vilevile kwamba kwa njia hiyo kamati itachoka. Na ichoke. Tulilipwa posho ya kikao siku ile tuliyomrudisha binti yule mwaka wa kwanza, nami niliipokea yangu nikatia sahihi.

Muhula huu yamo mezani pangu majalada manne ya wahamaji. Mmoja atoka Mwanza, mmoja Iringa, wawili Unguja. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba sitatia sahihi kukataa somo lolote la fasihi mpaka mwenye jalada amekuja, amekaa kwenye kiti kile alichokalia yule binti, na amesoma. Mwenyekiti hajanijibu. Kikao ni Alhamisi, saa nne asubuhi, nami nitakuwa nimekwisha kula.