Meli Imetia Nanga, Gesi Iko Wapi?

Nchi ikikumbwa na mgawo wa umeme, haikosi mshauri wa kuiambia hivi: kodi meli ya kupokelea gesi asilia iliyosindikwa, itie nanga bandarini, unganisha bomba, na shida imekwisha. Mfano wa washauri hao siku hizi ni bandari ya Wilhelmshaven. Urusi ilipoipunguzia Ulaya gesi, Ujerumani ilijenga gati kwa siku zipatazo 200, na Desemba 17, 2022 Kansela Olaf Scholz akazindua kituo chenye meli ya Höegh Esperanza. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini kilichoiokoa Ujerumani ni uwezo wa kulipa bei yoyote iliyotajwa mwaka ule, na uwezo huo haukodishwi pamoja na meli.

Mfano unaotuhusu zaidi ni Pakistan. Ilipata kituo chake cha kwanza kinachoelea mwaka 2015, katika bandari ya Port Qasim karibu na Karachi, na cha pili mwaka 2017. Mwaka 2022 ulipoingia, meli zilikuwepo, gati zilikuwepo, bomba lilikuwepo. Gesi ndiyo iliyokosekana. Shehena kadhaa ambazo kampuni za Eni na Gunvor zilikuwa na mkataba wa kuzileta hazikufika, na faini ya kutozileta ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na bei ya sokoni wakati huo. Julai mwaka huo serikali ikatangaza zabuni ya shehena kumi. Hakuna hata muuzaji mmoja aliyejitokeza. Watu wakakaa gizani kwa saa nyingi kila siku katika joto kali, na Februari 2023 waziri wa nishati, Khurram Dastgir Khan, akatangaza kwamba gesi hiyo haimo tena katika mipango ya muda mrefu ya nchi. Alisema wangeongeza umeme wa makaa ya mawe mara nne.

Wanaotetea vituo hivi hupenda kuviita akiba ya taifa. Tupige hesabu. Meli kubwa ya aina hii hubeba kimiminika mita za ujazo 170,000 hivi, kilichopoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Kikirudishwa kuwa gesi huongezeka mara 600, yaani mita za ujazo milioni 102. Kituo kinachotoa milioni 17 kwa siku humaliza shehena nzima kwa siku sita. Akiba ya siku sita! Bahari nayo ina maneno yake: Mei 2023 kimbunga Mocha kilipokaribia Bangladesh, vituo vya Moheshkhali vilisimamishwa, na majiko ya jiji la Chattogram yakazimika.

Linaloniudhi zaidi ni upande wa pili wa mkataba. Ada ya kituo hulipwa hata kisipotumika. Pakistan ilitia saini na Qatar mwaka 2016 kununua gesi kwa miaka 15, uitake usiitake. Wananchi waliochoshwa na bili wakajinunulia paneli za jua kwa wingi ambao hakuna mpangaji aliyeutarajia. Mwaka 2024 pekee ziliingia paneli za gigawati 17 hivi kutoka China. Kisha nchi ile ile iliyokosa shehena ikaiomba Qatar iahirishe shehena. Njaa ilipokuja mkataba haukuwalisha, na walipopata chakula kingine mkataba ukawadai.

Na gesi ya Afrika je? Novemba 2022, mwaka ule ule wa giza la Pakistan, meli ya kwanza iliondoka na gesi ya mtambo unaoelea wa Coral Sul, nje ya pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Ilielekea Ulaya.

Kenya iliwahi kutafuta mwekezaji wa mtambo wa megawati 700 wa gesi ya kuagizwa, Dongo Kundu, Mombasa. Wazo hilo likirudi, kwetu au kwa jirani, mkataba uwekwe hadharani kabla haujasainiwa. Tuonyeshwe ada ya kila siku meli ikikaa tupu, faini ya muuzaji asiyeleta shehena, na nani atalipa gesi tusiyoihitaji mwaka wa kumi. Mbunge asiyeweza kuvitaja vipengele hivyo vitatu asiupigie kura ya ndiyo.